MAJUU YETU ILIKUWA MPULUNGU

Kijana wa mjini akikuaga kwamba anatimka Majuu, moja kwa moja unafikiria ndege, sweta zito na kadi ya posta yenye picha ya theluji. Na ukisikia timu ya shule imekwenda ziara nje ya nchi, unawaona wale vijana wa raga wa shule kubwa za Nairobi na Kampala: makoti yenye nembo kifuani, viatu vinang'aa, mwalimu kashika pasipoti zote mkononi kama karata. Sawa, hatukatai. Lakini sisi wa Mpanda nasi tulikwenda ziara ya nje bwana, tena mwaka 1992, wakati wengi wetu hata Tabora hatujaiona. Tulikuwa timu ya kandanda, tukaondoka juu ya gunia za mahindi, na raga tuliikuta hukohuko mbele ya safari bila hata kujua jina lake.

Kwa wale mnaodhani Mpanda ni kituo cha basi njiani kwenda Mbeya, ngoja niwaweke sawa. Wakati ule Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja kuzaliwa mwaka 2012. Ukitaka kufika ulipanda treni, ukashuka Kaliua au ukakatiwa behewa pale, halafu kilometa 210 za msitu mtupu. Reli hiyo ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki inabeba tumbaku, asali na sisi. Barabara ya kwenda Sumbawanga ilipita katikati ya mbuga ya Katavi, na pale Sitalike, kwenye Mto Katuma, kiangazi kikikaza viboko walirundikana kwenye tope kama magunia ya mkaa. Wazungu wanalipa kuja kuwaona. Sisi tuliwaona bure, na hatukuwapenda hata kidogo.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mtu wa Kasanga, kule kusini ya Ziwa Tanganyika, ambako mpaka umewapitia Walungu katikati: shangazi Tanzania, mjomba Zambia. Binamu yake alikuwa anafundisha shule moja ya Mpulungu. Wakaandikiana barua, barua inapanda meli na kushuka meli, miezi miwili ndiyo jibu likafika: njooni, tutawalisha na kuwalaza, mechi mbili. Mwalimu alipolisoma paredi asubuhi, shule nzima ilipiga kelele hadi mkuu wa shule akatoka ofisini kudhani kuna nyoka.

Nauli ilipatikana kwa mtindo wa Mpanda. Tukauza mahindi ya shamba la shule, wazazi wengine wakatoa asali, mzazi mmoja mwenye lori akasema atatufikisha Karema kwa mafuta tu. Hati za dharura za kusafiria zilitaka picha. Mpiga picha wa mjini alikuwa na koti moja la kuazimisha, kwa hiyo timu nzima, kuanzia kipa hadi mchezaji wa akiba, ilipigwa picha ikiwa ndani ya koti lilelile la kahawia. Mfupi likamfika magotini, mrefu likamkaba mabega. Ofisa aliyekuja kuzikagua picha hizo mpakani alicheka hadi akavua miwani.

Mmoja tu hakupigwa picha. Huyo ndiye namba saba wetu.

Namba Saba, hivyo ndivyo tulivyomwita na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa, alikuwa winga ambaye beki akimkaba upande mmoja alijikuta amekaa chini upande wa pili. Timu yetu ilikuwa yeye na watu kumi na tano wa kumsindikiza. Kwao ni Katumba, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973 nje kidogo ya mji wa Mpanda kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Yeye alizaliwa palepale Katumba. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, Burundi aliijua kwa ramani ya darasani kama mimi. Lakini karatasini alikuwa mkimbizi, na chini ya sheria ya wakimbizi ya mwaka 1966 mkimbizi hakutoka nje ya makazi bila kibali. Kuja shule alikuwa na kibali. Kwenda kucheza mechi nje ya wilaya, kibali kingine, chenye idadi ya siku.

Mwalimu alihangaika kweli kweli. Akapata kibali cha kumfikisha Karema na kumrudisha, siku kumi. Cha kuvuka mpaka ilikuwa hadithi nyingine: mkimbizi husafiri nje kwa hati yake maalumu, na hiyo haipatikani kwa wiki mbili za kufuatilia kwa baiskeli. Mwalimu akasema twende naye hadi Karema, Mungu mkubwa. Nadhani alitaka tu kijana aione ile meli.

Lori lilitoka Mpanda alfajiri. Ni zaidi ya kilometa mia moja tu, lakini ukitoka Kabungu unaingia miombo, na ndani ya miombo kuna mbung'o. Mbung'o wa kule hawana habari na shati. Tulifika Karema jioni tumevimba kama tumetoka kwenye ndondi. Halafu ghafla miti ikaisha, likatokea ziwa, na ng'ambo yake, kwa mbali, milima ya Zaire kama moshi. Watu kumi na sita wenye domo wote kimya.

Karema ni mahali pa ajabu. Wabelgiji walijenga boma lao pale mwaka 1879, mwaka 1885 wakawaachia Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, na kanisa likakua juu yake. Wazee wa pale walikuwa bado wanamzungumzia daktari Adrien Atiman, mtoto aliyeuzwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, na akatibu watu Karema tangu mwaka 1889 mpaka alipofariki mwaka 1956. Mzee mmoja alitukunjulia suruali kutuonyesha kovu la mguu alioshonwa na Atiman. Tulimwamkia, tukaliangalia kovu, tukampa pole ya miaka arobaini.

Meli ilikuwa ije siku iliyofuata. Usiku huo, tumelala sakafuni kwenye darasa moja, nahodha wetu akatoa mpango. Karema wakati ule hakukuwa na gati. Liemba ilitia nanga majini, mitumbwi na maboti yakaifuata, watu wakapandia ubavuni kwa kamba na kelele, gunia la dagaa kichwani, kuku mkononi. Nani atahesabu? Namba Saba ajitwishe mzigo wa jezi, apande kama kuli, Mpulungu ashuke hivyohivyo. Vijana wa Dar walikuwa wanazamia meli za Ugiriki hadi Ulaya, sisi kuzamisha mtu mmoja hadi Zambia kuna ugumu gani? Kila mtu akaunga mkono. Kipa akaanza na kumpangia jinsi ya kujifunga kitambaa kichwani.

Namba Saba alisikiliza hadi mwisho. Akasema, 'Ninyi mkikamatwa kule mtarudishwa kwenu. Mimi nikikamatwa nitarudishwa wapi?'

Hakuna aliyekuwa na jibu. Baadaye, wengine walipolala, aliniambia sehemu ya pili ambayo hakutaka kuisema mbele ya watu: mama yake ndiye aliyeweka dole gumba kwenye karatasi ya kibali. Yeye akivuka, mama ndiye atakayeulizwa.

Meli iliita saa kumi jioni. Mnaoijua Liemba mnajua, msioijua nawapa kwa kifupi. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande, wakaileta Kigoma na kuiunganisha upya. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Ilikuwa babu yetu sote, na ilikuwa inatembea. Tulipokuwa kwenye boti kuifuata, Namba Saba alisimama majini hadi mapajani, amekunja suruali, ananipungia. Alikuwa amenivalisha viatu vyake vya kuchezea, vya njumu, vilivyonizidi namba moja. 'Wavae wewe,' alisema, 'hivyo havihitaji kibali.' Akacheka yeye mwenyewe, mimi nikashindwa.

Daraja la tatu Liemba lilikuwa chini, kulikuwa na joto la injini na harufu ya dagaa, kwa hiyo tulilala juu sitahani. Usingizi wenyewe wa kuibia. Kila kijiji meli inasimama, honi inalia, na gizani yanatokea mataa ya karabai, maboti yanajigonga ubavuni, watu wanatukanana kwa Kifipa, Kibembe na Kiswahili, mtoto anarushwa huku na mama anadakwa kule. Dakika ishirini, kimya tena. Kipili ilipita hivyo. Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, tuliifikia karibu na alfajiri, na mwalimu wetu akawa anaita majina gizani hadi akaitikiwa na dada yake aliyekuja kwenye boti na sufuria la samaki. Samaki yule sitamsahau.

Mpulungu ni bandari pekee ya maana ya Zambia, lakini kwa macho yetu ilikuwa Hamburg. Gati la kweli! Unashuka kwa miguu yako! Wenyeji wametusubiri, 'Mwaiseni, mwaiseni,' maana yake karibuni, na sisi tunaitikia 'Asante' kwa Kiingereza tulichokiandaa wiki nzima kikapotea. Haikuwa shida, Kiswahili pale bandarini kinapita kama sarafu.

Chakula cha kwanza walitupa nshima, yaani ugali wetu uleule, ila wa njano. Mwaka 1992 ukame ulikuwa umeiunguza nchi zote za kusini, Zambia ilikuwa inakula mahindi ya njano ya kuletwa kutoka nje. Sisi tuliwahi kuuona mtindo huo nyumbani, wazazi wetu waliuita unga wa Yanga. Kipa wetu, Simba damu, akauangalia, akamwangalia mwalimu, akala huku amefumba macho. Lakini nikwambie, wenyeji wale walikuwa na njaa mlangoni na bado walitulisha siku saba, kwa sababu meli ilikuwa irudi baada ya wiki. Nimekaribishwa sehemu nyingi baada ya hapo, zenye nyama ya kutosha, ambazo sikumbuki hata rangi ya sahani.

Mechi ya kwanza tulifungwa 3-1. Winga nilikuwa mimi, ndani ya viatu vya Namba Saba vilivyojazwa magazeti vidoleni, na beki wao alinifanya nikaijua nyasi ya Zambia kwa sura. Ya pili tukatoka 1-1. Wenyeji walikuwa na maneno! Kila dakika Kalusha Bwalya: Olimpiki ya mwaka 1988, Zambia 4 Italia 0, Kalusha peke yake matatu. Watoto wa miaka sita wanakuigizia bao la pili. Miezi michache baadaye, Aprili 27, 1993, ndege ya timu yao ya taifa ilianguka baharini karibu na Libreville na wote 30 waliokuwemo wakafa. Niliisikia kwenye redio bwenini Mpanda. Timu yetu nzima ilikaa nje hadi usiku, tukiwafikiria wale watoto wa Mpulungu. Kalusha hakuwemo, alikuwa anacheza Uholanzi.

Haya, raga. Binamu wa mwalimu alikuwa amekulia Luanshya, Mkoa wa Copperbelt, migodi ya shaba, ambako Waingereza waliacha vilabu vya raga kila mji. Siku ya nne, baada ya kutuchoka tukizurura ufukweni, akatoka nyumbani na mpira. Mpira gani! Umechongoka huku na huku kama papai. Nahodha wetu akauliza kwa heshima kama uliachwa juani.

Akatufundisha. Unashika kwa mikono, unakimbia mbele, lakini pasi lazima irudi nyuma. Hapo ndipo vichwa vilipotuvurugika. Mtu anakwenda mbele, mpira unakwenda nyuma, sasa tunafika lini? Halafu mnainama wengi kwa wengi, mabega kwa mabega, mnasukumana kama ng'ombe zizini, na aliyedondoka asilalamike. Ukiugusisha mpira chini kule mwisho kwao, hiyo ni trai. Mwalimu yule alisema ni pointi 4, halafu akajisahihisha: mwaka uleule walikuwa wamepandisha hadi 5. Kipa wetu, mtu aliyeteseka maisha yake yote kuambiwa atulie golini, alipata wito wake. Aliubeba ule mpira akiwa na Wazambia watatu mgongoni na mmoja kiunoni, akavuka mstari, akavuka na uwanja, akasimamia kwenye mihogo ya watu.

Tulicheza hadi giza, tumejichanganya, nusu Mpanda nusu Mpulungu kila upande. Jioni mwalimu akatusimulia kwamba kwao Luanshya, klabu ya Roan Antelope ina milingoti ya goli mirefu kuliko yote duniani kwa raga, kama mita 33 na nusu. Hatukumwamini. Siku hizi nimethibitisha: wakati ule ilikuwa kweli, na rekodi inajulikana. Siku ya kuondoka akatupa ule mpira. Ulikuwa umekwisha kuzeeka, umeshonwa mara mbili, lakini alitupa.

Tulifika Karema siku kumi na mbili baada ya kutoka nyumbani, kwa sababu babu Liemba alichelewa. Kibali cha Namba Saba kilikuwa kimekwisha siku mbili nyuma, lakini yeye hakukisubiri. Alikuwa amerudi Katumba siku ya tatu, na lori la samaki. Shuleni tulipomkabidhi ule mpira aliuzungusha mkononi muda mrefu. 'Kwa hiyo Zambia mpira wao uko hivi,' akasema, na hakuna aliyemkatalia.

Mwaka huu nilikuwa Mpanda. Nilikwenda kwa basi, lami mwanzo mwisho kutoka Tabora, barabara iliyozinduliwa mwaka 2022. Sikupata hata vumbi la kujipangusa, nikajiona nimeibiwa safari yangu. Mji umepanuka, gesti zina maji ya moto, bodaboda ni wengi kuliko viboko wa Sitalike. Karema nayo imejengewa bandari yenye gati. Namba Saba nilimkuta Katumba kwake, nyumba ya matofali, ameota mvi kidevuni, bado ana mapaja ya winga. Aliniita 'Namba Saba wa Zambia' mbele ya watoto wake, jina la kunicheka alilonipa mwaka 1992.

Yeye ni Mtanzania. Serikali ilikubali maombi ya uraia ya watu 162,000 na ushee wa makazi yale ya mwaka 1972, uamuzi ukatoka mwaka 2010, vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Miaka minne hiyo ya katikati, anasema, ndiyo iliyokuwa mirefu kuliko arobaini iliyotangulia, maana walikuwa wamekwisha kuukana Urundi na bado hawajashika karatasi nyingine. Mama yake hakuiona karatasi. Alifariki mwaka 2012.

Binti yake anacheza netiboli. Mwaka 2023 UMISSETA ilikuwa Tabora, na binti akaenda na timu ya Mkoa wa Katavi. Baba alimsindikiza kituo cha basi, akasimama pale akisubiri mtu aulize karatasi ya mtoto. Hakuna aliyeuliza. Basi likaondoka. Alibaki kituoni, anasema, kama nusu saa nzima, hadi muuza chipsi akamwuliza kama ameibiwa. Huko UMISSETA wachezaji bora huweza kufika michezo ya shule za Afrika Mashariki, Kenya, Uganda au Rwanda, na huko raga ipo, Wakenya na Waganda wanaumizana hasa. Binti hana habari na raga. Anataka kwenda kwa netiboli.

Nikamwuliza habari ya ule mpira. Ulidumu miaka mitatu, watoto wa Katumba waliupiga kila namna isipokuwa ile ya raga, ulipopasuka akachukua ngozi akafunikia tandiko la baiskeli. Baiskeli nayo aliiuza.

Kisha akaingia ndani akatoka na pasipoti. Mpya kabisa, kurasa zote tupu, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Anataka kwanza Mpulungu, halafu apande basi hadi Luanshya akaione ile milingoti niliyomsimulia.

'Ulisema ina urefu gani?'

'Mita thelathini na tatu na nusu.'

Akauangalia mwembe wake, akakadiria kwa kidole, akapanda kwa macho mara mbili, mara tatu.

'Wewe,' akasema, 'yule Mzambia aliwadanganya.'